Kadi ya matundu arobaini: chupa ya chai ilivyokaribia kunitoa shule

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa, shikamooni.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Miaka yote nasoma nyuzi za watu, nacheka peke yangu, nazima simu, nalala. Sijawahi hata kugonga like. Aibu ni ugonjwa wangu tangu utoto na mtaona baadaye ulivyonitesa.

Leo naandika kwa sababu ya binti mmoja wa kaunta. Juzi nilitoka Rubwera ninakofanya kazi, nikashuka Bukoba kwa shughuli za ofisi. Nikaingia supermarket moja kununua vitu viwili vitatu. Binti akaniuliza, "Mama, una loyalty card yetu?"

Nikasema sina.

"Jiunge tu Mama, ni bure. Unakusanya pointi halafu unapata zawadi."

Nikaanza kucheka. Foleni nzima ikanigeukia. Binti akadhani namcheka yeye, uso ukambadilika. Nilitaka kumweleza ila ningemweleza vipi watu wanasubiri? Nikalipa nikaondoka. Kwa hiyo namweleza hapa, huenda naye ni mwanachama.

Ninayoandika yalitokea kweli na daftari nililoyaandikia ninalo mpaka leo, limeliwa na mende pembeni tu. Wale mabingwa wa kusema "hii chai", tulieni. Chai itafika, tena ina sukari kupita kiasi.

Twende.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, Nyaishozi, Karagwe. Nilikuwa kidato cha pili, sekondari ya kutwa, mwendo wa saa nzima kwa mguu. Nyumbani tulikuwa na migomba, maharage na kahawa kidogo.

Babu yangu alikuja kutoka Rwanda kulima mashamba ya watu, akabaki. Baba alizaliwa hapa hapa, anaongea Runyambo kuliko hata wenyeji wengine. Lakini watu wakikasirika bado tulikuwa "wale wa kuja". Na mtu wa kuja akikosea, kosa lake huwa na miguu mirefu, linafika kila mahali kabla yake.

Nyumbani tulikuwa walokole. Kwetu huku rubisi, pombe ya ndizi, ni kama maji. Haikosekani msibani wala harusini. Nyumba ya mlokole haipiki, hainywi, haiuzi. Na hilo kwangu halikuwa suala la mbinguni tu, kwa sababu nusu ya ada yangu ililipwa na mfuko wa usharika, na sharti la mfuko lilikuwa moja: mtoto atoke kwenye nyumba safi isiyo na pombe. Baba alilipa nusu nyingine kwa kahawa, na hiyo nusu yenyewe ilikuwa inamtoa jasho.

Kwa hiyo kama usharika ungeondoa mkono, ningerudi shambani. Hakuna mjadala. Binamu zangu wawili walikuwa wamesharudi.

Wekeni hilo akilini.

Sasa kuna Mzee Mbaraka. Huyu alikuwa mwenye duka kubwa pale senta, Mwislamu, ukoo wake wa Pangani, kofia ya vito kichwani siku zote, maneno mengi kuliko bidhaa. Mimi nilimwogopa kwa sababu ya hayo maneno. Mama akinituma dukani, nilikuwa naandika mahitaji kwenye karatasi, nafika kaunta, naweka karatasi, naangalia miguu yangu.

"Ahaa, Binti Karatasi kaja," alikuwa anasema watu wote wasikie. "Salamu zake nazo atazileta kwa posta."

Watu wanacheka. Mimi natamani sakafu ifunguke.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguka. Zile shida za foleni ya sukari na sabuni zilikuwa zimekwisha, na maduka pale senta yakawa manne. Mzee Mbaraka akaona wateja wanapungua. Mzee akakaa akafikiri, akaja na kitu ambacho nadhani hao wa supermarket wameiga kwake bila kujua.

Alikata maboksi ya sabuni vipande vipande. Kila kipande akaandika jina la nyumba. Ukinunua kilo ya sukari, anachukua shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia ya kahawa, anatoboa tundu moja. Mche wa sabuni, tundu moja. Kikopo cha hamira, matundu mawili.

Chumvi hapana. Mafuta ya taa hapana. Kiberiti hapana.

Matundu yakifika arobaini unapewa zawadi, chupa ya chai nyekundu yenye maua meupe, iliyokaa rafu ya juu kabisa kama mfalme.

Mnajiuliza kwa nini hamira ipate mawili? Nami nilijiuliza. Ni kwa sababu alileta katoni nzima ya hamira na pale Nyaishozi hakukuwa na waoka mikate. Sisi ni watu wa ndizi na maharage. Ilikuwa imemkalia.

Halafu kadi hukai nayo wewe. Zote alizitundika ukutani kwa misumari, na pembeni ya kila tundu aliandika herufi kwa kalamu: SU, SA, HA. Alisema anataka kujua akienda kuchukua mzigo alete nini. Mtu yeyote aliyesimama kaunta akisubiri chenji aliweza kusoma nyumba gani inakula nini.

Hakuna aliyeliona hilo kuwa tatizo. Mimi mwenyewe nilikuwa napenda kuzisoma.

Mama alikuwa na kidonda kimoja. Kila Jumatano ibada ya nyumba kwa nyumba ilizunguka, na baada ya ibada watu wanakunywa chai. Nyumba zote za wazee wa kanisa zilikuwa na chupa ya chai. Kwetu Mama alichemsha kwenye sufuria, akamimina kwenye birika, akalifunga birika kwa kitenge kama mtoto mchanga. Maombi yakirefuka, chai inapoa.

Na mchungaji wetu alikuwa mtu wa maombi marefu.

Siku moja mchungaji alipokunywa, Baba akamwambia Mama mbele ya wageni, kwa upole tu, "Mama Yunisi, siku nyingine mchungaji apate chai ya moto." Jina langu ndilo hilo, Yunisi.

Mama akainamisha kichwa. Nilimwona.

Wiki iliyofuata tukawa na kadi ukutani.

Nitanukuu daftari langu. Nilikuwa naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyoandikia shuleni, na pia kwa sababu Mama hakujua kusoma na wadogo zangu walikuwa hawajafika huko. Nyumbani tuliongea Runyambo, na Kinyarwanda na Bibi. Kiswahili kilikuwa kama sanduku langu lenye kufuli.

"Leo nimenunua sukari kilo moja na hamira vikopo viwili. Matundu matano kwa mara moja. Mzee Mbaraka amesema nyumba ya Ma Anjelina wametuacha kwa mawili. Nimemwambia Mama, akakunja uso."

Hapo ndipo alipotukamata, wakuu. Kumbe tulikuwa tunashindana na jirani yetu bila jirani kujua kama kuna mashindano.

Nyingine:

"Nimemuuliza Mama hamira tutaoka nini. Akasema, tutaoka matundu. Akacheka lakini sio kicheko."

Na hii:

"Sukari kwa Mzee Mbaraka imezidi bei kuliko duka la chini. Nimemwambia Mama. Akasema duka la chini halina chupa."

Na hii, ambayo hata leo nikiisoma inanichoma:

"Taa imezimwa mapema tena. Mafuta ya taa hayana tundu. Nimesoma historia kwa moto wa jikoni, macho yanawasha."

Pesa Mama alikuwa anazipata kwa mayai na maharage, zile zake mwenyewe. Baba hakujua. Baba alikuwa mtu wa kusema sukari nyingi ni anasa, vijiko viwili vinatosha. Kwa hiyo Mama akawa anaficha. Kule stoo nyuma ya magunia kulikuwa na mtungi mkubwa wa udongo uliokuwa wa Bibi. Sukari iliyozidi iliingia humo. Hamira zote zikaingia humo. Juu anafunika kwa ungo, juu ya ungo maharage.

Tukakaa hivyo miezi minne. Kadi ikafika matundu thelathini na saba. Bado matatu tu.

Naomba dakika moja niongelee gongo kwa wasiojua. Kule kwetu wanaopika gongo wanachachusha ndizi, na wale wenye haraka wanaongeza sukari na hamira ili pombe iamke kwa nguvu. Ilikuwa marufuku na ikikamatwa ni kesi. Kila mtu anajua dalili za mpikaji. Ananunua sukari isiyolingana na watoto wake, na hamira bila kuoka hata andazi.

Mmeshaelewa?

Ma Anjelina alienda dukani kununua chumvi. Akasimama kusubiri chenji. Akasoma ukuta.

Kadi ya kwetu ilikuwa hivi: SU, SU, HA, HA, SU, HA, HA, SU, SU, SU...

Simlaumu sana. Baadaye alituambia mwenyewe alichosema pale dukani: "Hawa wanaoka mikate gani ambayo harufu yake haifiki kwangu?" Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na mstari mmoja wa migomba.

Neno likatembea. Likafika kwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Kahigi.

Jumamosi asubuhi nilikuwa naanika maharage. Nikamwona balozi anaingia na mgambo wawili. Kwa mkono ameshika kipande cha boksi la sabuni. Nilikitambua kutoka mbali, ni kadi yetu.

"Mzee Yonasani, amani kwenu," akamwambia Baba. "Sikuja kwa ubaya, waitu, ndugu zangu. Nimeletewa neno, nami nikiletewa neno lazima nilifuate mpaka mlangoni."

"Neno gani?"

"Kwamba humu mnapika gongo."

Baba alicheka. Kicheko cha kweli kabisa, mpaka akashika kiuno. "Balozi, hata kikohozi mimi nakunywa tangawizi. Ingia. Tafuta. Ukikosa utakula nasi."

Mimi nikamwangalia Mama. Alikuwa amesimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi, hachezi.

Mgambo walianzia chumbani kwetu. Mmoja akainua godoro langu akatoa daftari. Wakuu, nilikufa. Akafungua katikati, akasoma kidogo kwa midomo, akasema, "La shule hili," akalirudisha. Nikafufuka.

Kisha wakaenda stoo.

Walitoa maharage, wakatoa ungo. Balozi akaingiza mkono kwenye mtungi akaanza kupanga uani. Pakiti moja ya sukari. Mbili. Tano. Kumi na moja. Halafu vikopo vya hamira, kimoja kimoja, mpaka vinane.

Baba alikuwa ameacha kucheka kwenye pakiti ya tatu.

"Mama Yunisi," balozi akasema taratibu, "hii ni ya nini?"

Mama akajibu kwa sauti ndogo, "Ni ya chupa."

"Chupa gani?"

"Ya chai. Ile nyekundu ya Mzee Mbaraka."

Mgambo mmoja akapasuka kucheka. Balozi naye akatabasamu lakini kwa huzuni. "Mama, chupa ya lita moja inataka kilo kumi na moja za sukari? Nimezaliwa Nyaishozi, usinizungushe mpaka Muleba."

Na kusema ukweli, ukisikia hivyo utaamini? Ni ukweli unaofanana na uongo wa mtoto.

Lakini kilichoniumiza ni Baba. Alimwangalia Mama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Alivaa kofia akaenda shambani, hata jembe hakuchukua.

Balozi akabeba sukari na hamira kama ushahidi. Alisema Alhamisi lazima apeleke jambo hili kata. Mchungaji alipopata habari akaenda kumwomba angalau Jumatano jambo liletwe kwenye ibada kwanza, wasikie wenyewe. Kisha akapita kwetu. Hakukaa. Alimwambia Baba, "Mzee, nyumba ikipelekwa kata kwa gongo, mfuko hautaweza kuendelea na binti. Unajua."

"Najua, mchungaji."

Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta.

Mtauliza, kwani Mzee Mbaraka si angesema tu? Mama alimwendea Jumatatu, nami nikamsindikiza. Mzee wa maneno mengi siku hiyo akapima kila neno. Aliogopa ataambiwa anawauzia wapika gongo.

"Mama Yunisi, mimi nauza," alisema huku anafuta kaunta iliyo safi. "Ulichonunua nakijua chote, kiko kwenye kadi. Ukifika nyumbani unakipikia nini, hilo wallahi silijui."

Tukarudi. Njiani Mama akasema kwa Runyambo maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama hivi: "Nimeuza shule yako kwa chupa, mwanangu."

Usiku wa Jumanne nilijua cha kufanya na nilitamani nisijue.

Ndani ya daftari mlikuwa na kila safari ya dukani na maneno ya Mama siku ile ile. Lakini ndani ya daftari hilo hilo mlikuwa pia na mambo ambayo sikuwahi kumwambia mtu aliye hai. Niliandika kwamba balozi anafunga suruali kwa kamba ya katani. Niliandika kuhusu maombi ya mchungaji. Na niliandika kuhusu Elisha.

Elisha ni mtoto wa mchungaji. Alikuwa kidato cha tatu, alikuwa anapiga ngoma kwaya. Nilikuwa nimeandika kurasa tatu nzima juu ya shingo yake. Shingo tu, wakuu. Sijui kwa nini shingo.

Niliwaza kuchana kurasa hizo. Lakini daftari lililochanwa nani ataliamini?

Jumatano ibada ilikuwa kwa Ma Anjelina, hamwezi kuamini. Walokole wa kwetu wana desturi ya kuweka mambo nuruni: mwenye neno anasimama mbele ya wote, analisema lote, halafu linakwisha. Kufichaficha nusu ni mbaya kuliko kosa lenyewe. Kwa mtu wa aibu kama mimi, desturi hii ilikuwa mateso. Tangu nizaliwe nilikuwa sijasimama.

Mchungaji akauliza kama nyumba yetu ina neno.

Mama akasimama, akarudia ya chupa. Watu wakaangalia chini. Nilisikia mtu anaguna.

Nikasimama. Sikumbuki nilivyosimama. Nilienda mbele, nikaweka daftari mikononi mwa mchungaji kama nilivyokuwa naweka karatasi kaunta, nikaangalia miguu yangu.

"Soma mwenyewe, mwanangu," akasema.

Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

Akangoja, akaona haiwezekani. Akavaa miwani. "Basi nitakusomea. Balozi, wewe shika kadi."

Balozi hakuwa mlokole ila alikuja na ile kadi yetu. Mchungaji akaanza kusoma tangu mwezi wa kwanza wa kadi, na balozi akafuata kwa kidole tundu kwa tundu. Sukari moja, hamira mbili. "Ndiyo, ipo." Sabuni. "Ipo." Aliposoma "tutaoka matundu", mwanamke mmoja nyuma akacheka kisha akajiziba mdomo.

Aliposoma duka la chini halina chupa, wanawake kadhaa wakaangaliana. Nilijua baadaye kwamba kadi zao nazo zilikuwa zimejaa hamira.

Sasa mchungaji alikuwa msomaji wa haraka, hakupitia kwanza. Akaingia moja kwa moja:

"'Leo ibada ilikuwa kwetu. Mchungaji ameomba mpaka kuku wakaingia ndani kulala. Chai imepoa. Sio kosa la Mama, ni kosa la...'"

Akanyamaza.

Nje mbuzi analia.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "'...ni kosa la maombi,'" akamalizia. "Tuko nuruni, ndugu zangu. Lazima lisomwe lote."

Hapo Ma Anjelina ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka puani kwanza. Kisha nyumba nzima. Hata balozi. Dakika mbili baadaye mchungaji akafika kwenye ile kamba ya katani, kicheko kikamgeukia balozi, akajishika kiunoni kwa mikono miwili.

Mimi nilikuwa nasubiri kifo. Nilijua ukurasa unaofuata ni wa nani. Na Elisha alikuwa amekaa karibu na dirisha na ngoma yake.

Mchungaji akafungua ukurasa. Akaangalia. Nikaona macho yake yanashuka mstari kwa mstari. Akageuza ukurasa. Akageuza mwingine. Akageuza wa tatu.

"Hapa hakuna matundu," akasema, akaendelea na sukari ya wiki iliyofuata.

Hakuniangalia. Mpaka anastaafu hakuwahi kunigusia. Yule mzee, Mungu ampe chai ya moto.

Alipofika kwenye taa iliyozimwa mapema na historia ya moto wa jikoni, Baba akasimama kabla hajaulizwa. Baba sio msemaji. Alishika kofia kwa mikono miwili.

"Nilimwambia mke wangu chai iwe ya moto," akasema. "Sikumuuliza moto huo atauweka ndani ya nini. Na Jumamosi nikamwacha peke yake mbele ya watu. Hilo ni langu."

Akakaa. Mama alikuwa analia ila alikuwa ameinua kichwa.

Balozi akahesabu tundu la mwisho, la thelathini na saba, akafunga kalamu. "Mimi nimeridhika. Kata nitawaambia hakuna gongo, kuna chupa." Kisha akakuna kichwa. "Ila hii sukari na hizi hamira nizipeleke wapi? Mke wangu ananiuliza kila siku kama nimefungua duka."

Watu walicheka tena. Mama akafuta uso kwa kanga.

"Lete Jumapili," akasema. "Lete kanisani. Tutaichemsha yote."

Mnajua kupumua? Nilivyopumua jioni ile sijawahi kupumua tena hivyo, hata matokeo ya kidato cha nne yalipotoka.

Jumapili nyuma ya kanisa yaliwashwa majiko matatu ya mafiga, na sufuria za harusi juu yake. Ma Anjelina, ambaye kumbe aliwahi kufanya kazi hotelini Kayanga, ndiye aliyejua kukanda maandazi. Alichukua zile hamira nane kwa fahari kama aliyekabidhiwa funguo za mji. Alimwambia Mama, "Niliuliza mikate yako harufu haifiki kwangu. Leo itafika mpaka Kibingo." Kibingo ni mbali jamani.

Mama akamjibu, "Kanda, acha maneno. Mdomo wako hauhitaji hamira."

Chai ilikuwa tamu mpaka inanata kwenye midomo. Watoto walikunywa vikombe vinne vinne. Na ilikuwa ya moto, kwa sababu haikukaa, ilitoka sufuriani moja kwa moja.

Mzee Mbaraka naye alikuja, alisimama pembeni na kofia yake. Alikuwa na aibu, nami aibu naijua nikiiona. Baba akampelekea kikombe. Mzee akanywa, akamsogelea Mama.

"Mama Yunisi, yamebaki matatu tu. Nakuja na shazia yangu hapa, nayatoboa bure, uchukue chupa yako. Tuyamalize."

Balozi alikuwa amemrudishia Mama ile kadi. Alikuwa nayo mkononi, akipepea moto wa jiko la kati. Akaiangalia, akaipindua.

"Mzee," akasema, "chupa ni yako. Moto nao ni wangu."

Akapepea mara mbili tatu mpaka moto ukashika vizuri, akaiweka kadi chini ya sufuria. Boksi la sabuni linawaka vizuri sana.

Wiki ile wanawake wengi walienda kuchukua kadi zao ukutani. Mzee hakukasirika. Alishusha bei ya sukari ikalingana na duka la chini, akabaki na utani wake. Mimi nilibaki Binti Karatasi mpaka namaliza shule, lakini sasa nilikuwa namsalimia kwa mdomo.

Na baada ya msimu wa kahawa Baba alitoka mnadani na kitu kimefungwa gazeti. Chupa ya chai. Ya bluu. Bei aliyoinunulia haikufika hata nusu ya sukari iliyokuwa kwenye ule mtungi. Mama alipoijua bei alikaa kwenye kigoda, halafu akaanza kucheka peke yake mpaka Bibi akaja kuuliza kuna nini.

Ninayo mpaka leo, kwangu Rubwera. Glasi ya ndani ilivunjika zamani, haihifadhi moto. Naitunzia kalamu.

Basi wakuu, somo nililopata ni hili. Sisemi kadi zote ni mbaya, wengine mtaniambia mmepata mafuta ya kupikia na shangwe. Ninachosema, mtu akikupa zawadi kwa kununua, angalia unanunua nini ambacho usingekinunua, unaacha nini ili ukinunue, na nani mwingine anasoma ukuta. Siku hizi ukuta hauonekani tu. Lakini ukiuliza mwenye duka wakati wa shida, atakujibu kama Mzee Mbaraka: anajua ulichonunua, hajui kwa nini. Ya kwa nini anayajua wa nyumbani kwako, kama anaandika.

Binti wa kaunta, kama uko humu, samahani mdogo wangu. Sikukucheka wewe.

Na nyie wenye kadi tatu nne kwenye pochi, semeni ukweli hapa chini, kwetu hili ndilo tunaita kuweka nuruni: ni kitu gani kiko kabatini kwako sasa hivi ambacho ulinunua kwa ajili ya pointi tu? Mimi nitasoma zote. Safari hii nitajibu pia.

Kuhusu Elisha, najua mtauliza. Shingo bado ipo. Yuko sebuleni anaangalia mpira, na kurasa zile tatu hajawahi kuzisoma.